Historia ya Bambu Haikuanza na Matofali ya Kampuni

Mwulize mtu wa Bambu, katika eneo la Djugu mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo, akuonyeshe nyumba ya kihistoria. Atakupeleka kwenye nyumba za matofali za kampuni ya dhahabu ya Kilo-Moto. Mwulize habari za nyumba ya babu yake, atakujibu kwamba ile ilikuwa ya potopoto, imekwisha. Ndivyo wanavyosema wanafunzi na walimu wao, ndivyo wanavyosema machefu, na ndivyo wanavyoamini hata wenye mamlaka ya kugawa ardhi. Imani hii imeenea Ituri nzima: historia hukaa ndani ya jiwe na tofali, na ukuta wa udongo ukianguka, mvua inafuta kila kitu. Ni imani ya uongo, na inatugharimu sana.

Nyumba ya potopoto, ya miti na udongo, haipotei. Nguzo ikioza, shimo lake hujaa udongo wenye rangi tofauti na ule unaolizunguka. Mwanaakiolojia akiikwangua ardhi taratibu kwa mwiko, mashimo hayo yanajipanga mbele yake na kumwonyesha kama nyumba ilikuwa ya duara au ya pembe nne. Sakafu iliyokanyagwa miaka na miaka hubaki ngumu. Penye mafiga udongo umeiva ukawa mwekundu. Jalalani kuna majivu, mifupa, vigae vya vyungu na mbegu zilizoungua, ambazo zinaeleza watu walikula nini. Hata moto, tunaoudhani adui wa kumbukumbu, huuoka udongo wa ukuta ukawa mgumu kama tofali, na ndani yake zikabaki alama za fito zilizoushika.

Wenzetu wa pwani waliwahi kupotoshwa na imani hiihii. Kwa muda mrefu wataalamu walitazama majengo ya mawe peke yake, wakahitimisha kwamba miji ya Waswahili ililetwa na wageni kutoka Arabuni na Uajemi. Miaka ya 1980, Mark Horton alichimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, Kenya. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mabaki ya misikiti ya miti na udongo, mmoja chini ya mwingine, hadi karne ya 8. Mji ulikuwa umeanza na kukua kwa udongo kabla haujavaa mawe. Mashimo ya nguzo yaliwarudishia wenyeji mji ambao jiwe lilikuwa limewapa wageni. Baadaye, utafiti wa Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher kisiwani Pemba ulionyesha kwamba watu wengi wa pwani waliishi katika nyumba za udongo. Na hapa jirani, Uganda, makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi yamejengwa kwa miti, matete, nyasi na udongo. UNESCO iliyaandika katika urithi wa dunia mwaka 2001, na jengo kuu lilipoungua Machi 2010, Waganda hawakusema historia yao imekuwa majivu. Walijenga upya.

Sasa turudi Djugu. Tunafundishana kwamba mambo yalianza mwaka 1903, Hannam na O'Brien kutoka Australia walipogundua dhahabu katika kijito cha Agola, karibu na Kilo. Uchimbaji ukafuata mwaka 1905, kampuni ya Kilo-Moto mwaka 1926. Tarehe hizo ni za kweli, lakini ni umri wa biashara ya dhahabu, na umri wa watu ni jambo jingine kabisa. Katika pango la Matupi, kwenye mlima Hoyo kusini mwa Bunia, Francis Van Noten alichimba miaka ya 1970 na kukuta zana za mawe zenye zaidi ya miaka 40,000. Mkoa wenye umri huo unakubalije kuhesabu siku zake kuanzia kampuni?

Hata nyumba hizo za kampuni tunazisoma vibaya. Tofali lenyewe ni udongo uliochomwa. Utajiri uliozijenga ulitoka kwa wafanyakazi ambao wengi wao waliandikwa kazi kwa nguvu kupitia machefu wao, na jioni walirudi kambini. Anayehifadhi nyumba ya mkurugenzi na kuisahau kambi ya wafanyakazi amehifadhi nusu ya ushahidi, nayo ni nusu ya bwana.

Gharama kubwa zaidi iko kwenye ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 iliacha haki za kimila zisubiri amri ya rais. Wenye konsesheni za mashamba makubwa wakawa na hati, wanakijiji wakabaki na maneno. Vita vya Djugu vya 1999 vilianzia kwenye ugomvi wa konsesheni hizo. Februari 2003 wapiganaji wa kundi la UPC walishambulia Lipri, Kobu na Bambu, mashambulizi yaliyomo katika hukumu ya kamanda wao, Bosco Ntaganda, iliyotolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2019. Tangu Desemba 2017 vijiji vimechomwa tena, na watu wa makabila mbalimbali wamekimbia. Anayerudi baada ya miaka anakuta nyasi zimefunika mahame, na mtu mwenye nguvu anamwambia kwamba hapa palikuwa pori tu. Sakafu yake, mafiga yake na jalala lake viko chini ya nyasi hizo, na hakuna aliyefundishwa kuvisoma.

Nitajibiwa kwamba watu wanalala chini ya maturubai, na mimi nahangaikia vigae. Lakini watu hao ndio wanaohitaji ushahidi kuliko wote, kwa maana hati hawana. Nitajibiwa pia kwamba kuchimba ya kale ni kuchochea ugomvi wa nani alitangulia. Ugomvi huo upo tayari, na unalishwa na uvumi. Shimo la nguzo halisemi aliyelichimba alizungumza lugha gani. Linasema watu waliishi hapa, na tabaka la chini linasema wengine waliishi hapa kabla yao. Udongo hautampa mchochezi jibu analolitaka.

Kwa hiyo machefu wa vijiji waorodheshe mahame yao wakiwa na wazee wanaoyakumbuka, kabla jembe na shimo la dhahabu havijapita. Vyuo vikuu vya Bunia vifundishe vijana kuchora ramani ya sakafu na mashimo ya nguzo. Taasisi ya Makumbusho ya Taifa ifike Djugu, na ikihifadhi nyumba za kampuni, ihifadhi na kambi. Ofisi za ardhi zikubali mabaki ya makazi kuwa ushahidi sawa na karatasi. Nasi wengine tuache kuwaambia watoto kwamba babu zao hawakuacha kitu. Waliacha, na kazi ya kukisoma ni yetu.