Filamu Sita za Bibi Tanaka

Zikitajwa sinema za Kijapani, wengi wetu hukumbuka panga za masamurai na lile dubwana Godzilla. Wapenzi hasa wa sinema wataongeza jina la Akira Kurosawa, na mazungumzo yakaishia hapo. Hiyo kwangu ni sawa na kuchungulia dirishani na kudai umeingia nyumbani.

Waliotazama filamu za Kenji Mizoguchi wanamjua Bibi Kinuyo Tanaka, kwani ndiye aliyecheza Oharu mwaka 1952. Lisilojulikana sana ni kwamba baina ya 1953 na 1962 aliongoza filamu sita zake mwenyewe, zama ambazo Japani kazi hiyo ilikuwa ya wanaume. Mizoguchi huyo huyo alimpinga! Filamu yake ya kwanza, "Koibumi", ilifika hadi tamasha la Cannes mwaka 1954. Kisha kimya, hata ziliposafishwa upya na kuonyeshwa Ulaya na Marekani mwaka 2021 na 2022, yeye akiwa amefariki tangu 1977.

Kwa nini? Nionavyo mimi, wageni walitaka Japani ya kale, ya panga na mizimu. Habari za mjane au mtalaka baada ya vita hazikuwa na mnunuzi.

Ninayoipenda zaidi ni ile ya 1955 juu ya Fumiko Nakajo, mshairi aliyeuawa na saratani ya matiti mwaka 1954, umri miaka 31. Alitunga tanka, shairi lisilo na vina lenye mizani 31: tano, saba, tano, saba, saba. Sisi watu wa pwani, tuliolelewa na mashairi, hatuhitaji kuambiwa ugumu wa kulibana jambo zito humo. Nilidhani nitaonyeshwa mgonjwa mpole anayengojea siku yake. La! Fumiko huyu ana hasira, ana wivu, bado anataka kupendwa, na katika tukio la hamamu anamlazimisha shoga yake alitazame kovu ambalo kila mtu analikwepa. Ni wangapi kwetu wanaoificha maradhi hiyo kwa haya mpaka daktari hana la kufanya?

Anayetaka kuanza na aanze na hiyo. Ile ya 1961, juu ya makahaba waliopelekwa nyumba ya kurekebishwa, nayo ni nzuri, ila watoto walale kwanza.