Mnyama wa Baharini Katika Daftari la Hisabati

Mtoto wa darasa la pili, Kihonda mjini Morogoro, amerudi kutoka shule. Katikati ya ukurasa wa kujumlisha amechora mnyama wa baharini: macho makubwa kama sahani, pembe mbili, mkia wa samaki na tabasamu. Baba akaangalia, akasema, "Mnyama huyu hayupo. Futa, fanya hesabu." Mtoto akafuta. Siku zilizofuata hakuchora, wala hakuuliza chochote.

Daftari la hesabu ni la hesabu, na baba hakukosea kulilinda. Kilichopotea ni maswali, na mtoto akiacha kuuliza nyumbani, hata shuleni huona aibu kunyoosha mkono.

Jioni moja mama alimpa karatasi tupu wakati wakichambua mchicha.

"Mwanangu, yule mnyama wako anapumuaje?"

"Kwa pua, mama."

"Na akiwa chini ya maji?"

Mtoto akafikiri. "Anabana pumzi, halafu anapanda juu."

"Anakula nini?"

"Majani."

Bila kujua, mtoto alikuwa akimkaribia nguva. Nguva hana matamvua kama samaki. Huibuka kila baada ya dakika chache kuvuta hewa. Hula nyasi za baharini. Hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja na kumnyonyesha. Dume hutoa meno mawili mafupi, na ndugu zake wa nchi kavu ni tembo, wale wale wanaoonekana Mikumi kando ya barabara kuu. Hapa nchini wamebaki wachache sana, hasa upande wa Rufiji na Mafia. Wakinaswa kwenye nyavu hushindwa kuibuka, wakafa maji. Kwa kuwa huzaa mmoja mmoja, tena baada ya miaka kadhaa, kila anayekufa ni pengo kubwa.

Morogoro iko mbali na bahari, lakini maji ya Uluguru hushuka kwa Mto Ruvu hadi Bahari ya Hindi. Na kwenye misitu ya milima hiyo kuna vyura wasiotaga mayai: huzaa vyura wadogo waliokwisha kamilika, bila viluwiluwi kuogelea kwenye dimbwi. Mtoto akibuni chura wa namna hiyo, mzazi atacheka, kumbe mtoto ndiye mwenye haki.

Mchezo huu hauhitaji bando wala vifaa. Mwulize mtoto mnyama wake anaishi wapi, anapumuaje, anakula nini, anazaaje, na nani anamwinda. Kanuni ni moja: kila kiungo kiwe na kazi. Macho makubwa? Labda anaishi kwenye giza. Mkia mpana? Labda anaogelea mbali. Usimpe majibu haraka, na usimcheke akikosea. Swali likikushinda, sema hivyo, kisha mtafute jibu pamoja.

Usiku ule baba aliiona karatasi mezani. Akamwita mtoto, akamweka karibu.

"Hizi pembe ni za nini?"

Mtoto akamtazama kwanza, kuona kama ni mtego. "Sijui, baba."

"Hata mimi sijui. Hebu tufikiri."

Mtoto akaenda kuleta penseli.