Ujumbe wa Shule na Lugha ya Mzazi: Zana za Kidijitali Masasi na Newala

Suala la kutumia zana za kidijitali katika kuendesha darasa na kuwasiliana na wazazi hujadiliwa mara nyingi kana kwamba ni suala la vifaa na umeme peke yake. Makala haya yanadai kwamba, kabla ya kuwa suala la mitambo, ni suala la lugha na la jamii. Mfano unaochukuliwa ni wa wilaya mbili za Mkoa wa Mtwara: Newala, iliyo juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi, iliyo chini yake upande wa magharibi, penye majabali.

Ama kuhusu vifaa, hatua imepigwa. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa. Baraza la Mitihani lina mfumo wa PReM wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, na TAMISEMI nayo ina mfumo wake wa taarifa za shule. Hata hivyo, taarifa hizi hupanda tu: kutoka kwa mwalimu hadi wilayani, na kutoka wilayani hadi Dodoma. Mzazi hayumo katika njia hiyo. Yeye huachiwa ujumbe mfupi wa simu, nao mara nyingi huwa ni wa mchango au wa wito: "Unatakiwa kufika shuleni bila kukosa."

Wapo wanaosema kwamba mzazi wa kijijini hana mazoea ya kupokea taarifa kwa simu. Dai hilo halina nguvu katika wilaya hizi. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho, msimu wa 2007/08, mkulima amejifunza kufuatilia kilo, bei ya mnada na makato. Leo malipo hupitia benki, na simu humjulisha fedha zilipoingia. Asiporidhika, huenda kwenye chama chake cha msingi kuuliza. Mkulima huyo hujali ujumbe huo kwa sababu unataja jambo mahususi linalomhusu, na kwa sababu anajua pa kuuliza. Ujumbe wa shule hapana budi uwe na sifa hizo mbili.

Aidha, yafaa iulizwe mzazi ni nani. Fomu ya shule huacha nafasi ya namba moja ya simu. Lakini Wamakonde, Wamakua na Wayao ni jamii ambazo kwa asili zilihesabu ukoo kwa upande wa mama, na ingawa dini na maisha ya mjini yamebadili mengi, neno la mjomba bado lina uzito katika malezi. Msimu wa korosho unapofika, kuanzia Oktoba, baba na mama wanaweza kuwa shambani na mtoto akabaki kwa bibi. Ujumbe uliotumwa kwa namba moja huweza kumfika asiye na la kufanya, ilhali mwenye uwezo wa kumrudisha mtoto darasani hajui lolote. Askofu Vincent Lucas, aliyeiongoza Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, anakumbukwa kwa kuyaoanisha mafundisho ya jando na yale ya Kanisa badala ya kuyapiga vita. Alitambua kwamba malezi yana wenyewe, na kwamba mgeni hana budi kupita kwao. Shule nayo ingefaa kuandika namba za watu wawili au watatu, kwa kufuata jinsi familia yenyewe inavyolea.

Hali kadhalika, lugha ya ujumbe ina adabu yake. Mwalimu kijana anapomwandikia mama aliyemzidi umri, amri tupu humvunjia heshima, naye aliyevunjiwa heshima hajibu. Ujumbe usemao, "Shikamoo mama. Mwanao hakufika darasani Jumatatu na Jumanne. Tunaomba kujua kama anaumwa," umezidi maneno machache tu, lakini umetaja siku, umeheshimu, na umefungua mlango wa jibu. Katika shule za sekondari, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, taarifa ya maendeleo haina sababu ya kumfikia mzazi kwa lugha asiyoisoma.

Itasemwa kwamba mwalimu mwenye darasa kubwa hana muda wa kumwandikia kila mzazi. Ni kweli, na hapo ndipo zana zinapofaa: daftari la mahudhurio lililomo katika kishikwambi laweza kuonyesha mara moja waliokosa siku mbili mfululizo, na hao ndio wa kuandikiwa kwanza. Kisichofaa ni kubandika alama za darasa zima katika kundi la WhatsApp. Wenye simu ndogo, viswaswadu, hawazioni. Wenye simu kubwa huona aibu ya mtoto wa jirani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inadai uangalifu katika jambo hili, na utu uliudai kabla ya sheria.

Kazi iliyobaki si ya mafundi pekee. Idara za Kiswahili vyuoni zinaweza kuwaandalia walimu vielelezo vya ujumbe wa shule: wa utoro, wa maendeleo, wa ugonjwa na wa pongezi, kwa Kiswahili kifupi, chenye adabu na kinachoruhusu jibu. Mtoto anayeanza kukosa shule Oktoba asipoulizwa na mtu, huenda Januari asirudi kabisa. Kati ya tarehe hizo mbili, ujumbe mmoja ulioandikwa vizuri, ukamfikia anayehusika, waweza kumrudisha darasani.