Deni lisilo na karatasi

Dawa ya deni ni kulipa, husema wahenga. Lakini utalipaje deni ambalo hakuna ajuaye ni kiasi gani?

Jirani zetu Watanzania wanajua. Bodi yao ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, humkopesha anayesomea udaktari kama inavyowakopesha wengine. Akiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hukatwa kila mwezi. Kiwango hicho ni kikali. Kabla ya 2016 kilikuwa asilimia 8, na kilipopanda watu walinung'unika. Mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikivimbisha deni. Lakini hata aliyelalamika sana aliweza kuuliza: nimebakiza kiasi gani? Akajibiwa kwa tarakimu.

Kwetu anayelipia masomo ni jamaa. Dada yangu mkubwa alisomea udaktari hapa Lubumbashi miaka saba, kwa mfumo wa zamani. Mjomba aliuza kiwanja, mama aliuza unga sokoni, shangazi alitoa alichokuwa nacho. Hakuna aliyeandika kitu. Leo dada analipia masomo ya watoto wawili wa mjomba, dawa za shangazi, matanga, na ada yangu mimi ninayeandika haya. Hospitali ilimkalisha miezi mingi bila mshahara, akiishi kwa malipo madogo yanayokuja yakitaka. Simu za jamaa, hata hivyo, huja mwisho wa kila mwezi bila kukosa.

Sisi wa Kiswahili tulitazame neno lenyewe. Kiswahili hakina kitenzi cha kawaida cha kutenda kwa mtu mwenye deni: yeye *hudaiwa*. Hata kile cha zamani, *kuwiwa*, ni cha kutendwa vilevile. Mdai ndiye mtendaji, na asiponyamaza, deni haliishi. Sarufi imemweleza dada yangu vizuri kuliko mwanasheria yeyote.

Pendekezo langu ni hili. Daktari anapomaliza, jamaa waketi wahesabu: kiwanja kiasi gani, ada kiasi gani. Wakubaliane sehemu ya kile kinachomfikia mkononi, si cha kile alichoahidiwa. Mwezi usio na malipo, sehemu yake ni sifuri. Kisha waandike siku ya mwisho. Baada ya siku hiyo atakachotoa kiitwe zawadi, naye aweze kukataa bila kuitwa mchoyo.

Najua nitajibiwa kwamba undugu hauna hesabu, kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Sivyo. Mama zetu wanacheza likelemba: kila mmoja anajua anatoa kiasi gani, zamu yake ni lini, na mzunguko unakwisha lini. Hakuna anayesema likelemba limeua undugu. Linaua undugu lisipohesabiwa vizuri! Na kama mjomba alitoa kiwanja kwa upendo tu (naamini alianza hivyo), basi ni zawadi, na zawadi haidaiwi. Hatuwezi kuiita zawadi siku ya kutoa, kisha deni siku ya kudai.

Wapo watakaosema serikali ilipe madaktari vizuri kwanza. Ilipe, ndiyo. Lakini mshahara ukipanda bila hesabu, simu nazo zitaongezeka.

Dada hajakubali. Anaogopa mjomba ataliona daftari kama tusi, na huenda ni kweli. Mimi nitamaliza mwaka ujao, na nimemwomba aniandikie alichonilipia tangu mwaka wa kwanza, franka kwa franka. Amecheka. Bado nasubiri karatasi.