Mafuta ya nyonyo kwa watoto: Hatari iko kwenye kijiko

Na Mwandishi Wetu, Bukoba

MNYONYO, ambao wengine huuita mbarika, hauhitaji mkulima. Huota wenyewe kando ya migomba na njia za vijiji vya Kagera, eneo la Kashozi likiwamo, kaskazini mwa mji wa Bukoba, ambako Mapadri Weupe walifungua misheni mwaka 1892. Mafuta ya mbegu zake yana sifa ya kutibu karibu kila kinachomsumbua mtoto mchanga. Sifa hiyo inachanganya mambo mawili yasiyofanana hata kidogo: kupaka na kunywesha.

Kupaka kuna nafasi yake. Mafuta haya ni mazito, huzuia ngozi kavu isipoteze unyevu na hulainisha magamba ya kichwani ili yatoke bila kukwanguliwa. Yapakwe kidogo, kwanza sehemu ndogo ya mkono, na mzazi asubiri siku moja kuona kama ngozi itawasha au kuwa nyekundu, kwani wapo wanaodhurika nayo. Yasipakwe viganjani, maana mtoto hunyonya vidole, wala yasidondoshwe machoni au puani. Kwamba huotesha nywele, hakuna ushahidi wa kuaminika.

Kunywesha ni habari nyingine. Karibu asilimia 90 ya asidi zilizomo katika mafuta haya ni asidi ya risinoleiki, ambayo hulazimisha misuli ya utumbo kujikaza. Mwaka 2012 watafiti nchini Ujerumani walieleza ni sehemu gani ya chembe hai inayoamshwa. Ndiyo maana hospitali za enzi za ukoloni ziliyatumia kama dawa ya kuharisha. Mtu mzima huvumilia. Mtoto wa wiki tatu hupoteza maji na chumvi upesi mno, na yule aliyedhaniwa ana chango huishia kulegea na kukosa nguvu ya kunyonya. Isitoshe, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo.

Kitovu nacho kiachwe kikavu na kisafi. Mafuta ya chupa iliyoshikwa na mikono mingi yanaweza kuingiza vijidudu kwenye kidonda kibichi.

Wengi huogopa sumu ya risini. Sumu hiyo haiyeyuki katika mafuta na huharibiwa na joto la kutosha, hivyo hubaki zaidi kwenye mbegu mbichi na mashudu. Anayekamua nyumbani ayafukie mbali na watoto na mbuzi.

Nani asimamie? Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ilishika vyakula, dawa na vipodozi kwa pamoja. Mwaka 2019 vyakula na vipodozi vilihamishiwa Shirika la Viwango (TBS), na mamlaka hiyo ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Tiba asili ina baraza lake, chini ya sheria ya mwaka 2002. Hivyo mafuta yale yale ni kipodozi yakiuzwa kwa ajili ya nywele, na ni dawa muuzaji anapotamka neno chango. Yakiuzwa katika chupa ya maji iliyotumika, bila lebo, hayamwambii mama yalikamuliwa lini, wala kwamba si ya kunywesha.