Risala ya Wapangaji kwa Mwenye Nyumba kuhusu Masharti ya Nyumba

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tunakushukuru kwa kukubali kuwa shahidi.

Mama mwenye nyumba, sisi wapangaji wa nyumba yako ya Mbagala hatupingi masharti. Nyumba yenye ua mmoja, choo kimoja na mita moja ya umeme ya LUKU haikaliki bila masharti, na kuhusu usafi wa choo wengi wetu tungependa yawe makali zaidi. Tunacholalamikia ni kuyasikia tukiwa tumeshalipa. Kila mmoja alitoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akapewa mkataba wenye jina lake, kiasi cha fedha na tarehe. Mengine yote huja kwa mdomo, koridoni, na hubadilika.

Lango ndilo linalotuumiza zaidi. Siku hizi linafungwa saa nne usiku na ufunguo unakaa nao wewe. Humu yumo mama anayewahi samaki soko la Feri kabla ya alfajiri, na kijana mlinzi anayetoka lindoni usiku wa manane. Walipohamia, uliwauliza kazi zao na ukawapokea. Leo kazi hizohizo zimekuwa kosa, hata mmoja wao amewahi kulala barazani ilhali kodi yake haijaisha.

Jiko la umeme nalo limekatazwa vyumba vya uani, huku wa vyumba vya mbele wakilitumia, na mchango wa LUKU ni uleule kwa wote.

Kisha kufuli. Mpangaji akikosea, mlango wake unatiwa kufuli akiwa kazini, na watoto wakitoka shule wanakaa juani. Hili hatulikubali kabisa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mpangaji anayelipa na kutimiza masharti haki ya kukaa kwa utulivu hadi muda wake uishe. Anayeyavunja apewe notisi ya maandishi, na nafasi ya kurekebisha.

Tunataka masharti yote yaandikwe ndani ya mkataba na yasomwe kabla fedha haijatolewa. Sharti jipya lisubiri mkataba mpya, isipokuwa tumekubaliana. Kila chumba kipate ufunguo wa lango. Na mwenye jiko la umeme achangie zaidi.

Rasimu ya mkataba tumemkabidhi mwenyekiti. Tunaomba jibu lako kwa maandishi kabla hatujalipa kodi ya kipindi kijacho. Kufuli likitiwa tena, tutapeleka shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Ni sisi wapangaji wako.