Kiu Isiyo na Bomba: Pumzi Mbele ya Mtazamaji wa Voi

Imekuwa desturi ya wahakiki, kila filamu ya bunilizi ya kisayansi iliyoundwa kwa ustadi inapokosa mashiko, kuwatupia lawama watazamaji. Husemwa kwamba hawajauzoea utanzu huo, au kwamba filamu imewatangulia. Ushahidi unaotolewa ni Blade Runner, ambayo haikufanikiwa sokoni ilipotoka mwaka 1982 na baadaye ikatukuzwa. Zinapotajwa hadhira za Afrika Mashariki, lawama hutiwa chumvi zaidi: eti mtu wa kawaida hana mazoea ya kuiwaza kesho. Dai hili ni la kivivu, na linafaa kupimwa kwa filamu ambayo wadai wenyewe huisifu.

Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009) ni filamu fupi ya Kenya, ya dakika 20 na ushei. Inaisawiri jamii ya Maitu, miaka 35 baada ya vita vikuu vya maji, ikiishi ndani ya majengo yaliyofungwa na kunywa maji yaliyosafishwa kutokana na jasho na mkojo. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo wenye unyevu, anapanda mbegu ndani yake, na mbegu inachipua. Baraza linamnyima ruhusa ya kutoka. Anatoroka, anauotesha mche jangwani, anaunywesha tone lake la mwisho na kufa kando yake. Hakuna mhakiki mwenye haki atakayeikana fani ya kazi hii: kimya chake kimepimwa, na mwangaza wake ni wa msanii anayejua atakacho. Tamasha la Sundance liliionyesha mwaka 2010, na sifa zikafuata.

Hata hivyo, hadhira ya tamasha ni moja tu kati ya nyingi. Kushindwa kunakozungumziwa hapa si kwa hesabu ya tiketi, kwa kuwa filamu fupi haina nafasi katika ratiba za sinema za biashara. Ni kushindwa kumshika mtazamaji ambaye, kwa maudhui yake, angestahili kuwa wa kwanza kushikwa: mkazi wa nchi kame anayehesabu madumu.

Darko Suvin, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alieleza kuwa bunilizi ya kisayansi huishi kwa ugeni unaozaa ujuzi: kitu kipya kinaingizwa katika ulimwengu wa hadithi, na kwa kukitazama mtu anauona upya ulimwengu wake. Nadharia hiyo ina sharti ambalo wahakiki husahau, nalo ni kwamba kitu hicho kiwe kigeni kwa anayekitazama. Sasa aketi mtu wa Voi mbele ya Pumzi. Katika kaunti yake, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, zimo chemchemi za Mzima, ambazo maji yake hutokana na mvua inayonyeshea vilima vya Chyulu na kupenya katika miamba ya volkano. Tangu miaka ya 1950, enzi ya ukoloni, sehemu ya maji hayo husafirishwa kwa bomba kubwa hadi Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Wenyeji na viongozi wao wamedai kwa miaka mingi wapewe fungu la mapato yake. Wakati wa ukame ndovu hutoka mbugani na kuvunja matangi ya vijijini. Mtu huyu haoni ajabu yoyote katika kugawiwa maji kwa kipimo. Anachotaka kujua ni bomba linapita wapi na ufunguo anao nani.

Hapo ndipo filamu inapomwacha. Kiu ya Maitu imeletwa na vita vilivyokwisha zamani, na Baraza ni sauti baridi isiyo na historia wala tabaka wala masilahi. Mtazamaji anaonyeshwa uhaba, lakini haonyeshwi anayefaidika nao.

Utatuzi wake nao una kasoro. Mwanamke mmoja, mche mmoja, kifo kimoja. Katika vilima vya Taita, misitu kama Ngangao na Mbololo hunasa ukungu unaotoka baharini, na kutoka vilimani humo Mto Voi huanza safari yake. Wataita walikuwa na fighi, misitu mitakatifu iliyolindwa na wazee kwa niaba ya jamii nzima. Aliyelelewa katika elimu hiyo anajua kwamba msitu ndio uletao maji, na kwamba msitu hulindwa na wengi kwa vizazi. Kumpa shahidi wa pekee anayekufa kwa ajili ya wote ni kumsimulia kisa kilichozoewa kwingine.

Itajibiwa kwamba Kahiu hakuandika juu ya Taita, na kwamba istiara haidaiwi ramani. Ni kweli. Lakini filamu yenye jina la Kiswahili, jamii yenye jina la Kikuyu na mazungumzo ya Kiingereza imekwisha kuchagua inaongea na nani. Taita Taveta, kwa bahati mbaya, imezoea kusimuliwa kutoka mbali: The Ghost and the Darkness (1996), kisa cha simba wala watu wa Tsavo wa mwaka 1898, ilipigwa Afrika Kusini, ikiwa na simba wenye manyoya ya shingoni ambayo wale wa kweli hawakuwa nayo. Pumzi pia ilipigwa Afrika Kusini.

Wanaodai kwamba hadhira haiwezi kuiwaza kesho wasome Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Mshtakiwa anahukumiwa kurushwa angani katika chombo cha mauti, naye anafika nchi ambayo jina lake lenyewe linasema wale ni sisi. Msomaji wa Kiswahili hakikwazi chombo hicho, kwa sababu kabla ya kurushwa amekwisha onyeshwa mahakama, hakimu na dhuluma anazozitambua. Shaaban Robert aliielekeza Kusadikika hewani tangu 1951, na hakuna aliyelalamika kwamba nchi haielei.

Mwishoni mwa Pumzi kamera inapaa juu ya mti wa Asha, na ng'ambo ya jangwa linaonekana pori la kijani. Picha hiyo inadumu sekunde chache tu. Pori hilo, na aliyelijua muda wote ambao wana Maitu walikuwa wakinywa jasho lao, ndilo lililostahili zile dakika 20.